Kampuni ya zimamoto ya kujitolea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita katika kampuni ya zimamoto ya kujitolea, kwenye kaunti moja ya mashambani Pennsylvania, Marekani. Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi tunaoishi nao huku huniuliza maswali yaleyale kila tunapokutana, iwe msibani, harusini au kwenye foleni ya dukani. Ndugu zangu walioko nyumbani huniuliza kwa simu. Nimeyakusanya hapa. Maneno mengi ya kazi hii hayajapata Kiswahili kilichozoeleka. Penye neno nimelitumia, pasipo na neno nimekieleza kitu chenyewe.

Kampuni ya zimamoto ni kampuni ya namna gani? Inauza nini?

Haiuzi kitu. Hili ndilo neno la kwanza linalowapoteza watu wetu. Mzee mmoja aliwahi kukataa kutufungulia mlango kwa sababu alisoma "kampuni" ubavuni mwa gari letu, akaamini tumekuja na bili.

Neno hili ni la zamani kuliko maana ya biashara tuliyoizoea. Vijana wetu wanaposema "nipe kampani", yaani nisindikize, tuwe pamoja, wako karibu zaidi na maana yake hapa kuliko msajili wa makampuni. Kampuni ya zimamoto ni watu wa mtaa au kijiji kimoja waliokubaliana kwamba nyumba ya mmoja ikishika moto, wengine wote watafika. Benjamin Franklin na wenzake waliunda ya namna hiyo Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736, wakaiita Union Fire Company. Kila mwanachama aliweka nyumbani kwake ndoo za ngozi na mifuko ya kitambaa kigumu: ndoo za kupitisha maji mkono kwa mkono, mifuko ya kuokolea mali ya mwenye nyumba. Aliyekosa mkutano alitozwa faini, na faini hizo zikanunua vifaa.

Neno hilohilo lina maana ya pili, ndogo zaidi. Watu watatu au wanne walio ndani ya gari moja chini ya kiongozi mmoja nao huitwa kampuni. Wanaingia pamoja na kutoka pamoja. Nikiulizwa kazi yetu ni nini kwa neno moja, nasema kampani, kwa maana ya vijiweni Tanga.

Nchi tajiri kama Marekani inategemea watu wasiolipwa?

Ndiyo, sana. Miji mikubwa ina wazimamoto wa mshahara: Cincinnati ilianza mwaka 1853, New York 1865, Philadelphia 1871. Lakini kwenye vijiji na miji midogo kazi imebaki mikononi mwa wenyeji. Takwimu za mwaka 2020 za NFPA, chama kinachoandika viwango vya kazi hii, zilihesabu wazimamoto 1,041,200 nchi nzima, na 676,900 kati yao walikuwa wa kujitolea. Ni kama 65 kwa kila 100.

Idadi hiyo inapungua, na inaniuma. Pennsylvania ilikuwa na wa kujitolea wapatao 300,000 miaka ya 1970. Ripoti ya mwaka 2018 iliyoandikwa kwa ajili ya bunge la jimbo ilitaja takriban 38,000. Watu wanafanya kazi mbili, wanaendesha saa nzima kwenda kazini, na mchana wa Jumanne kijiji kizima huweza kubaki na watu watatu wenye uwezo wa kuvaa mtungi wa hewa na kuingia ndani. Ndiyo maana naandika ukurasa huu.

Nikipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, nini kinatokea? Sijui Kiingereza vizuri.

Simu inapokelewa kwenye kituo cha mawasiliano cha kaunti. Taja anwani kwanza, kabla ya jambo lolote. Simu ikikatika ukiwa umeshataja anwani, gari litakuja. Ikikatika ukiwa bado unaeleza moto ulivyoanza, wanabaki wanakutafuta. Kama Kiingereza kinakupa shida, sema neno moja: "Swahili". Vituo vingi vina huduma ya mkalimani kwa simu. Usikate.

Mpokeaji akijua ni moto, anabonyeza mlio maalumu unaofungua peja zetu, vile vifaa vidogo vya kupokelea wito. Mimi peja yangu inakaa kando ya kitanda. Inalia saa nane za usiku, sauti inataja barabara, namba ya nyumba, na kinachowaka. Hapo hakuna mtu kituoni. Dereva wa gari la pampu anatoka kitandani kwake, nahodha, yaani kiongozi wetu, anatoka kwake, mimi natoka kwangu. Ukiona gari dogo la kawaida lenye taa ya buluu inayomweka huku Pennsylvania, huyo ni mmoja wetu anawahi kituoni. Taa ile si ruhusa ya kuvunja sheria za barabara, inakuomba tu umpishe. Tafadhali umpishe.

Kupiga simu hakuna malipo, na hakuna atakayekuuliza pesa mlangoni pako kabla ya kuzima moto. Gari la wagonjwa likikupeleka hospitali, hilo huja na bili yake, ni jambo jingine. Kwa ajili ya moto, piga mapema. Hatujawahi kumkasirikia mtu aliyetuita tukakuta moshi wa chapati.

Kwa nini redio inataja "kisanduku" na "kengele ya pili"?

Mwaka 1852 Boston iliweka visanduku vya telegrafu barabarani. Ukivuta mkono wa kisanduku, kituo kinapokea namba yake na kujua ni kona ipi ya mji. Siku hizi watu wanapiga simu, lakini kila eneo bado lina namba ya kisanduku, na kila namba ina orodha ya magari yatakayokwenda. Kengele ya pili maana yake magari ya orodha ya kwanza hayatoshi, leteni ya orodha inayofuata. Kengele ya tatu vivyo hivyo.

Magari yote ni mekundu. Tofauti yake nini?

Liko gari la pampu, ambalo wenyewe huliita "injini". Lina tangi, pampu na mipira, na ndilo linalozima moto. Liko gari la ngazi, lenye ngazi ndefu ya mitambo mgongoni na zana za kuvunjia, kutobolea na kutafutia watu. Liko gari la uokoaji, lenye mikasi ya haidroliki ya kukatia magari yaliyogongana. Na liko boza, gari la kubeba maji.

Boza ndilo gari ninalolipenda kuliko yote, na wageni huliona la hadhi ya chini. Huku kwetu wanaliita tanka. Ukienda majimbo ya magharibi, tanka ni ndege ya kumwaga maji kwenye moto wa msitu, na boza lina jina lingine. Ukiagiza tanka kwa lugha ya kwenu katika jimbo la watu, utaletewa kitu ambacho hakiwezi kuegeshwa. Ndiyo maana siku hizi kwenye redio tunahimizwa kusema kitu kwa maneno ya kawaida badala ya misimbo: "nahitaji gari la maji."

Gari limejaa maji. Mbona wanasema maji yameisha?

Hesabu pamoja nami. Gari letu la pampu linabeba galoni 750, kama lita 2,840. Mpira mmoja wa kushambulia moto, wenye kipenyo cha milimita 45, unatoa galoni 150 kwa dakika, yaani karibu lita 570. Dakika tano, tangi ni kavu. Ukifungua mpira wa pili, dakika mbili na nusu.

Kwa hiyo gari la kwanza likifika, watu wawili wanaukimbilia moto na mwingine anautafuta mkondo wa maji. Mjini anatafuta haidranti, lile bomba fupi la chuma linalosimama kando ya barabara, na kuunganisha mpira mpana wa milimita 125. Mashambani hakuna haidranti. Tunakunjua bwawa la turubai barabarani, boza linakuja na kumwaga maji humo, linaondoka kwenda kujaza kwenye bwawa la mkulima, boza la pili linamwaga, na gari la pampu linanyonya kutoka bwawani bila kusimama. Zamu hiyo ya maboza ikipangwa vizuri inaweza kuendelea usiku kucha. Boza moja likikwama kwenye tope, waliomo ndani ya nyumba wataliona jambo hilo kwenye nozeli yao, ule mdomo wa mpira.

Jambo jingine linalokausha maji ni viunganishi. Februari 1904 moto uliunguza majengo zaidi ya 1,500 katikati ya Baltimore. Miji ya jirani ilituma wazimamoto, hata Philadelphia na New York, na baadhi walipofika wakakuta meno ya viunganishi vya mipira yao hayaingii kwenye haidranti za Baltimore. Fikiria umesafiri usiku kucha kwa treni na pampu yako, maji yako mbele yako, na skrubu inakataa. Baada ya hapo vilitungwa viwango vya taifa vya meno hayo, ingawa mpaka leo miji mingine ina meno yake. Sisi tunabeba sanduku zima la vipande vya kuunganishia.

Kwa nini wanavunja madirisha na kutoboa paa la nyumba ya mtu?

Ninaelewa uchungu wa swali hili, maana anayeuliza huwa ameona mali yake ikipigwa shoka na watu waliokuja kumsaidia.

Moto unapanda juu. Moshi na hewa ya moto vinajaa darini na kushuka kama maji yanayojaa chini juu. Moshi ule wenyewe ni kuni: ni gesi ambazo bado hazijaungua. Joto la darini likifika kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kila kitu chumbani, kochi, zulia, pazia, kinashika kwa mkupuo mmoja. Darasani utaisikia ikiitwa flashova. Aliyevaa mavazi kamili ana sekunde chache za kutoka humo. Asiyevaa hana hata hizo. Majaribio ya maabara ya UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, yalionyesha kwamba sebule yenye samani za kisasa, za sponji na plastiki, hufika hapo ndani ya dakika tano hivi, ilhali sebule yenye samani za zamani za mbao na pamba ilichukua karibu nusu saa.

Kutoboa paa kunaupa moshi njia ya kutoka, joto linashuka, na anayetambaa chini anaona. Lakini tundu linaingiza pia hewa, na hewa bila maji inaukuza moto. Wakati mwingine chumba kimefungwa, moto umekula oksijeni yote ukabaki unafukuta. Ukifungua mlango ghafla, hewa inaingia na gesi zinalipuka kuelekea kwako. Huo ni bakdrafti. Dalili zake ni vioo vilivyotiwa weusi na moshi unaovuta ndani na kutoka kama kifua cha mtu anayehema. Kwa sababu hiyo dirisha halivunjwi kwa hasira wala kwa kuonyesha nguvu. Linavunjwa kwa amri, mpira ukiwa tayari na maji.

Na kwako nyumbani: lala mlango wa chumba umefungwa. Nimeingia kwenye nyumba ambayo ukumbi wake ulikuwa mkaa mtupu, nikafungua mlango wa chumba cha watoto uliokuwa umefungwa, na karatasi za shule zilikuwa juu ya meza, nyeupe.

Ule mtungi mgongoni ni wa oksijeni?

Hapana, na nakuomba uwasahihishe watu. Ni hewa ya kawaida, kama unayovuta sasa, iliyoshindiliwa. Oksijeni tupu karibu na moto ni hatari kubwa.

Mtungi ulioandikwa dakika 30 hautoi dakika 30. Ukipanda ngazi umebeba mpira, ukiwa umeogopa, unaweza kuumaliza kwa dakika 15 au 20. Ikibaki theluthi moja kengele inalia na barakoa inatetemeka usoni. Kitu hicho ni ishara ya kutoka, na si ya kumalizia kazi. Pia tunavaa kifaa kidogo kinachopima mwendo: ukikaa bila kutikisika kwa nusu dakika kinapiga kelele kali isiyozimika kirahisi, ili wenzako wakufuate kwa masikio. Kwa hiyo ukituona tumesimama tukisubiri amri, tunatikisa viuno kila baada ya muda. Hatuchezi ngoma.

Mavazi yenyewe yana matabaka matatu: la nje linalostahimili moto, la kati linalozuia maji, la ndani linalozuia joto. Pamoja na mtungi ni kilo 20 na zaidi, kabla hujashika zana. Kila Jumanne usiku tunapimana kuvaa yote ndani ya dakika moja. Buti zimesimama ndani ya suruali iliyokunjwa chini, unaingiza miguu na kuvuta juu kwa pamoja. Mwezi mzima wa kwanza glavu zilinishinda. Nilikuwa nikizivaa kabla ya kufunga barakoa, kisha vidole vinakuwa vinene na kamba hazishikiki. Nahodha alikaa chini sakafuni mbele yangu, mzee wa miaka 60 na kitu, akanionyesha taratibu: balaklava, barakoa, kofia, glavu mwisho. Hakunicheka. Alirudia mara nne.

Zana ile kama mtalimbo wenye ulimi na pembe inaitwaje?

Halligan, kwa jina la Hugh Halligan, ofisa wa zimamoto wa New York aliyeibuni mwaka 1948. Ncha moja imegawanyika kama panda, nyingine ina ulimi na mwiba. Ikiambatana na shoka bapa, jozi hiyo inafungua karibu mlango wowote. Mmoja anashika, mwingine anagonga. Peke yako utahangaika.

Nani anaamuru, na wanajuaje nani yuko ndani?

Wa kwanza kufika anachukua ukamanda na kutangaza kwa redio anachokiona. Akifika mkubwa zaidi, wanakabidhiana kwa maneno. Utaratibu huu, kamanda mmoja na kila mtu mwenye mkubwa mmoja tu, ulitokana na mioto mikubwa ya California mwaka 1970, ambapo mashirika mengi yalifika bila lugha moja ya kazi.

Kila mmoja wetu ana kibati chenye jina lake. Ukiingia ndani kibati kinabaki nje kwenye pete ya kamanda, ukitoka unakichukua. Kila baada ya muda kamanda anauliza kwa redio na kila kiongozi anajibu idadi yake: "wawili, wote tupo". Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1998 inataka wawili wakiingia, wawili wawe nje wamevaa kamili, tayari kuwafuata, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapookolewa papo hapo. Hakuna anayeingia bila mwenzake. Ndani, moshi ni mweusi kiasi kwamba huoni mkono wako kwenye kioo cha barakoa. Mkono wangu wa kushoto uko ukutani, wa kulia umeshika buti la aliye mbele. Buti hilo likinitoka mkononi, nasimama na kumwita.

Ukipotea, ukinasa au hewa ikiisha, unasema "Mayday" mara tatu. Neno hilo lilianza kwenye redio za ndege miaka ya 1920, kutokana na Kifaransa cha "nisaidieni". Redio nzima inanyamaza. Tunafanya mazoezi ya kulisema kwa sauti, kwa sababu watu hodari huchelewa kulisema.

Herufi za kwenye mtungi wa kuzimia moto zina maana gani? Za Dar haziendani na za huku.

Umeona vizuri, na tofauti hii ni ya hatari. A ni vitu vigumu kama mbao, nguo na karatasi. B ni vimiminika kama petroli. Hapo wote wanakubaliana. Kwenye C wanaachana: Marekani C ni umeme, lakini kwa herufi za Ulaya, zinazofuatwa na mitungi mingi ya Tanzania na Kenya, C ni gesi na umeme hauna herufi, una alama yake. Mafuta ya kupikia ni K Marekani na F kwa Wazungu wa Ulaya. D ni metali, kote. Ukihama nchi, soma upya maandishi ya mtungi wako.

Mafuta yakishika moto jikoni nifanye nini?

Zima jiko. Telezesha mfuniko juu ya sufuria ukitokea kando. Acha ipoe bila kufunua. Kama hufikii, toka, funga mlango, piga simu. Usimwage maji kamwe, wala usiibebe sufuria kuitoa nje.

Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700. Kikombe kimoja kikizama chini ya mafuta yanayowaka kinageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta hewani yakiwa yanawaka. Tuliitwa kwa mama mmoja wa Kikongo, ghorofa ya pili, aliyekuwa akikaanga mandazi ya sherehe ya ubatizo. Tulipofika moto ulikuwa umejizima wenyewe. Darini palikuwa na duara jeusi, upana wa meza, na chini yake mandazi yalikuwa bado kwenye karai, mengine mabichi. Mama alikuwa ameshika mkono wake wa kulia chini ya bomba, ngozi imevimba kuanzia kifundo hadi kiwiko. Aliniona ni Mwafrika, akaniambia kwa Kiswahili chao: "Baba, mimi nilijua maji njo inazimaka moto." Nilimjibu, "Ndiyo mama, moto mwingi ni hivyo, umekosea kidogo tu." Nilikaa naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika, nikimfasiria. Tangu siku hiyo nabeba mfuniko wa sufuria kila ninapoenda kufundisha kanisani.

Kila mkiitwa ni moto?

La. Moto wa nyumba ni sehemu ndogo. Mara nyingi ni mgonjwa aliyezimia, magari yaliyogongana, mti uliolalia nyaya, kengele ya jengo iliyolia bure, maji yaliyofurika chini ya nyumba.

Kengele ya moshi inalia "tii" kila dakika moja. Niitoe?

Usiitoe. Betri inaisha, badilisha. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi. Ikifika miaka 10 nunua mpya, tarehe iko nyuma yake. Kama huna pesa, ulizia kituo cha zimamoto cha karibu, vituo vingi hugawa bure.

Pesa mnapata wapi?

Kuku wa kuchoma. Nasema kweli kabisa: tunauza kuku, chapati tamu za asubuhi, samaki wa kukaanga wakati wa Kwaresima, tunaendesha bahati nasibu. Halmashauri inatoa fungu. Jimbo la Pennsylvania pia linatoza kodi ya asilimia 2 kwenye bima za moto zinazouzwa na makampuni ya nje ya jimbo, na pesa hiyo huvifikia vyama vya misaada ya wazimamoto wa kujitolea kwa ajili ya mavazi, mafunzo na walioumia. Lakini gari jipya la pampu linagharimu mamia ya maelfu ya dola, mara nyingi zaidi ya hapo, na sahani ya kuku ni dola chache. Wenzangu wametumia Jumamosi zao ujana mzima wakigeuza kuku ili jirani wasiyemjua apate mpira wa maji. Ukipita barabarani ukaona moshi wa makaa mbele ya kituo, simama ununue.

Kazi hii inadhuru afya?

Inadhuru. Mwaka 2022 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani. Na kwa miaka mingi karibu nusu ya vifo vya kazini Marekani vimetokana na moyo, si miale ya moto. Zamani koti lenye masizi lilikuwa fahari. Sasa tunasuguana kwa maji na sabuni palepale barabarani, mavazi machafu hayaingii ndani ya gari, na unaoga ndani ya saa moja. Kijana akikuambia koti lake jeusi ni ushahidi wa ushujaa, mwambie akalifue.

"Mzimamoto" ni neno zuri? Bibi yangu halipendi.

Bibi yangu pia hakulipenda. Enzi za ukoloni Kenya na Uganda palivuma uvumi kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Waganda waliwaita bazimyomwoto, na Tanganyika hofu hiyohiyo iliitwa mumiani. Gari jekundu, watu wenye sare, usiku: wazee walikuwa na sababu za kuogopa vyombo vya mkoloni. Nyumbani leo tunasema askari wa zimamoto, na ni sawa, maana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania ni chombo cha Serikali. Namba yao ni 114, iweke kwenye simu yako. Sisi wa kujitolea si askari, kwa hiyo natumia mzimamoto.

Ni Marekani peke yake?

Hapana. Ujerumani ina wa kujitolea wapatao milioni moja. Chile wazimamoto ni wa kujitolea nchi nzima, pamoja na Santiago, tangu kampuni za Valparaíso zilipoanza mwaka 1851.

Naweza kujiunga? Mimi si raia, Kiingereza changu kina lafudhi, na ni mwanamke.

Mimi nilijiunga nikiwa na kadi ya ukaazi. Kila kampuni ina katiba yake, lakini kwa kawaida wataangalia kitambulisho, rekodi ya polisi na afya. Lafudhi si kizuizi. Kinachotakiwa ni kusema kwa ufupi na kurudia ulichoambiwa, na hilo wenye lugha yao nao wanafundishwa. Dereva wetu bora wa boza ni mama wa watoto watatu. Pennsylvania inapokea vijana kuanzia miaka 14 kwa mafunzo na kazi za nje, ila jengo linalowaka hawaingii mpaka watimize 18.

Mafunzo ya msingi hupita saa 150, jioni na Jumamosi, na hulipi. Ukishindwa kuvumilia barakoa au urefu wa ngazi, bado kuna kazi: pampu, redio, maji kwa waliotoka ndani, hesabu za kuku. Mhasibu wetu hajawahi kuvaa mtungi, na bila yeye gari halina mafuta.

Nianzie wapi?

Uliza ni usiku upi wa mazoezi katika kituo cha karibu nawe. Vingi ni siku moja ya wiki, kuanzia saa moja jioni. Ukikuta mlango mkubwa umepandishwa na taa zinawaka, ingia, sema unaishi mtaa gani. Vaa viatu vya kufunika vidole na nguo usiyoionea huruma, kwa sababu watakupa mpira uukunje.